Vumbi la Bibi
Pasteli laini ni unga wa rangi wenye gundi kidogo mno, hivyo huhitaji mahali penye mikwaruzo pa kung'ang'ania. Wenzangu hupaka ubao kwanza rangi ya msingi iliyochanganywa na jiwe lile la kusugulia miguu, likiwa limesagwa. Mimi, kwa ubishi tu, nilimchora marehemu bibi juu ya ubao mtupu, uliopigwa msasa hadi ukateleza. Rangi ilikaa juu juu, kama poda shavuni. Nikaipenda. Sasa kila mlango ukibamizwa, shavu linapungua.

Ipo dawa ya kupulizia. Degas aliitumia kati ya tabaka na tabaka. Lakini huzifanya rangi kukolea, na ule mwanga wa paji lake ungezimika. Kioo mama hakitaki. Anataka kumgusa mama yake, na sijamwambia kwamba kila akigusa atamwondoa kidogo.

Nilijitetea kwamba dawa ingesema uongo kuhusu bibi. Sawa. Ila kimya changu nacho kinasema uongo, tena kwa mtu aliye hai. Jumamosi anakuja kuichukua. Nitamwambia kabla hajanyoosha mkono.