Asili ya Nchi ni Ipi?

Asimamaye ukingoni mwa uwanda wa Makonde, pale Newala, huuona mto Ruvuma chini kabisa, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji. Nyuma yake ni mchanga unaokunywa mvua yote bila ya kubakiza hata kijito. Kwa miaka mingi mama zetu waliteremka genge hilo alfajiri wakapanda na mitungi vichwani, hata maji ya bomba kutoka Mitema yalipowapunguzia adha.

Leo twahimizwa kurudisha uoto wa asili. Wito ni mwema. Walakini hapana budi tuulize, asili ipi? Hadithi ya Wamakonde yasimulia kwamba mtu wa kwanza alipokaa karibu na mto watoto wake walikufa. Alipohamia juu, mtoto akaishi. Huko juu wazee wakafyeka, wakachoma, wakalima, kisha wakailaza ardhi, na juu ya makonde yaliyolala pakaota vichaka vilivyosongamana. Basi hata kichaka tukiitacho cha asili kimelelewa na jembe.

Na mkorosho je? Ulitoka Brazili, ukaletwa na Wareno. Leo nani atamwambia mtu wa Newala kuwa ni mgeni? Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Ubwiri unga ulichangia, na bei pia. Tena watu walihamishiwa vijijini, mikorosho yao ikabaki mbali. Katika mashamba hayo vichaka vilirudi vyenyewe, bila ya kitalu wala mradi. Je, tufurahi? Kila kichaka kilichorudi kilirudi juu ya jasho la mtu aliyeondolewa penye makaburi ya wazazi wake.

Kwa maoni yangu, tunachodaiwa na ardhi si siku ile kabla ya mwanadamu, bali ni usingizi. Wazee waliipa, sisi, kwa wingi wetu, tumeinyima. Lakini ni rahisi kunena hivyo kwa mtu alaye mshahara. Mzee mmoja aliniambia ameacha eka moja ilale, vichaka viote. Mwanawe, aliyekuwa akinoa panga kando yetu, akauliza kwa adabu: "Baba, na mimi nitapanda wapi?" Mzee alinitazama mimi.