Thawabu ya Kodi Ndogo ni ya Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Tumeletewa swali na kamati ya msikiti mmoja wa hapa Lamu, nasi tumeona si vyema jawabu lake likabaki baina ya watu wanane waliokaa juu ya mkeka baada ya sala ya Isha, kwani jambo lenyewe latuhusu sote.

Msikiti huo una nyumba ya wakfu katika mtaa wa Mkomani, nyumba ya mawe ya kale. Chini yake akaa mjane mtu mzima pamoja na wajukuu watatu. Kodi anayotoa ni ile ile aliyopangiwa marehemu mumewe zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na ya mwezi mzima haitoshi kununua mfuko mmoja wa saruji. Boriti za dari zimeliwa na mchwa, na mvua za masika zinapokuja huwahamisha watoto pembe moja ya chumba hadi nyingine. Sasa ametokea mtu aliye tayari kuikodi nyumba yote, juu na chini, aitengeneze kwa fedha zake na alipe mara kumi na tano ya kodi ya mjane, ili apate kuwapangisha watalii. Kamati imegawanyika. Nusu yao wasema mjane na atoke, kwani mali ya msikiti yapotea. Nusu wasema kumtoa maskini ni dhulma, na kumwacha kwa kodi ile ndogo ni sadaka. Tukaulizwa: haki iko wapi?

Siku ile hatukujibu. Twakiri kwamba moyo wetu ulikuwa kwa mjane tangu mwanzo, na mtu ambaye moyo wake umekwisha kutangulia haimpasi kuharakia fatwa.

Tuanze na hao wasemao kuwa ni sadaka. Twawauliza: ni sadaka ya nani? Aliyeiwakifu nyumba ile aliandika kuwa ni kwa ajili ya msikiti: mafuta ya taa zake, mikeka yake, na maji ya birika yake. Katika madhehebu yetu ya Shafii, msimamizi wa wakfu hana ruhusa ya kuikodisha mali ya wakfu chini ya ujira wa mfano, yaani kodi ambayo nyumba kama hiyo hupata mahali hapo. Mwenye nyumba yake aweza kumkalisha amtakaye bure, naye ana ujira wake kwa Mola wake. Msimamizi si mwenye nyumba. Akipunguza, amepunguza cha msikiti. Basi ndugu zetu hawa, kwa huruma yao ambayo hatuitilii shaka, wamekuwa miaka ishirini wakitoa sadaka kutoka mfuko usio wao, na dari la yule yule waliyemhurumia laelekea kumwangukia kichwani, kwani nyumba isiyoingiza kitu haitengenezwi.

Lakini hao wa upande wa pili wasifurahi upesi. Wameisema sheria kwa usahihi, ila twawauliza: mlikuwa wapi miaka yote hiyo? Kodi haikubaki ndogo kwa sababu ya rehema. Ilibaki ndogo kwa sababu hapana aliyekaa akaitazama daftari. Fundi hakuitwa, hesabu haikusomwa, na sheria ya ujira wa mfano haikukumbukwa na mtu hata siku alipokuja mwenye fedha. Na mjane akitoka aende wapi? Tulipomwendea alituuliza hivyo hivyo, bila ya kulia wala kulalama: "Shekhe mwanangu, mimi kutoka sikatai. Nionyesha tu pa kwenda."

Hatukuwa na pa kumwonyesha. Hapa ndipo tulipoona kuwa swali la kamati lilikuwa dogo kuliko jambo lenyewe. Mji wetu umeandikwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, nasi twajivunia. Nyumba nyingi za Mkomani na za Shela zimenunuliwa na watu wa mbali, na ni haki tuseme kuwa baadhi yao wameziokoa nyumba ambazo sisi wenyewe tulikuwa tumeziacha zikaota mitini. Hatumchukii mgeni. Lakini bei ya nyumba sasa hupimwa kwa mfuko wa Ulaya, na mvuvi wa Amu hana mfuko huo. Watoto wetu husogea nje, Gadeni, Kashmir na Wiyoni, na huko nako wakuta kodi zimewatangulia.

Wazee wetu hawakuishi hivi. Kwao nyumba haikuwa bidhaa ya sokoni. Mtu mwenye uwezo alipoozesha binti alimpa nyumba, au alimjengea orofa juu ya nyumba ya mama yake, na penye nafasi akapitisha wikio juu ya njia hadi upande wa pili, ili binti mwingine apate chumba bila ya kwenda mbali na jamaa zake. Mwanamume ndiye aliyekwenda kwa mkewe. Mwanamke akiachwa, yeye hakutoka. Aliyetoka ni mume.

Wako wadhanio kuwa hayo ni ada tu za Waswahili. Na wasome kitabu cha Wasia katika Sahihi ya Bukhari. Humo imetajwa kuwa Zubeir bin Awwam, sahaba wa Mtume, alizitoa nyumba zake kuwa sadaka, akaweka sharti kwamba binti yake yeyote atakayeachwa akae humo kwa wema, pasi na kuudhi wala kuudhiwa, na akiolewa tena akatoshelezwa na mumewe basi haki yake ya kukaa imekwisha. Na Abdalla bin Umar alilifanya fungu lake katika nyumba ya baba yake kuwa makao ya wahitaji wa jamaa zake. Na kabla ya hao, Mtume wetu mwenyewe (S.A.W.) alipojenga msikiti Madina hapakukosekana sufa, kivuli cha nyuma ya msikiti walikolala sahaba wasio na nyumba. Basi makao ya maskini na nyumba ya Mungu vilianza pamoja, chini ya ukuta mmoja, na sisi ndio tuliovitenganisha.

Hapa Lamu kwenyewe, Habib Saleh, aliyezaliwa visiwa vya Ngazija, alipojenga msikiti wa Riyadha huko Langoni, hakuwaita wenye majumba ya mawe peke yao. Aliwasomesha watu ambao mji wakati ule uliwatazama kwa jicho la chini, na wanafunzi waliokuja kutoka mbali wakapata pa kulala. Kuna mambo ambayo sisi na ndugu zetu wa Riyadha twahitilafiana. Hili si mojawapo.

Na wakfu wa jamaa, ule ambao mtu huwakifu nyumba kwa watoto wake na vizazi vyao kisha kwa maskini, ulipatwa na pigo ambalo wengi wetu hatulijui. Mwaka 1894 mahakama ya juu ya rufaa ya Waingereza huko London, katika kesi iliyotoka Bengal, iliamua kwamba wakfu ambao fungu la maskini liko mbali mno ni batili. Majaji hao walidhani sadaka ni kumpa mgeni tu, na kwamba kumpa mwanao makao si sadaka. Kinyume kabisa cha mafunzo ya Mtume. Waislamu wa India walidai mpaka wakapata sheria ya kuusahihisha wakfu huo mwaka 1913. Kenya tulingoja hadi sheria ya wakfu ya mwaka 1951, na sasa kuna sheria mpya ya mwaka 2022. Kwa hiyo udhuru wa sheria hatunao tena.

Tuna udhuru gani, basi? Misikiti ya mji huu ni zaidi ya ishirini. Kila Ramadhani huja watu wa kheri wakatuuliza msikiti wahitaji nini, nasi tukajibu: zulia, mapangaboi, marumaru. Hapana aliyewahi kujibu: chumba. Twamjua imamu asalishaye juu ya marumaru, naye nyumbani kwake kwavuja.

Wako watakaosema kuwa nyumba ni kazi ya serikali. Ni kweli, na tangu ilipopitishwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 watu wamekatwa asilimia 1.5 ya mishahara yao kwa jambo hilo. Na serikali idaiwe. Lakini kodi ya serikali haikumwondolea mtu zaka, wala haimwondolei jirani.

Tutoe mfano kutoka kwa watu wasio wa dini yetu, kwani hekima ni mali iliyompotea muumini. Katika mji wa Augsburg, Ujerumani, tajiri mmoja Mkatoliki, Jakob Fugger, alianzisha mtaa wa nyumba za maskini zaidi ya miaka 500 iliyopita. Kodi aliyoiweka ilikuwa gulden moja kwa mwaka, na mpaka leo wakaao humo hulipa senti 88 za euro kwa mwaka mzima. Vita vilizibomoa, zikajengwa tena. Zimedumu kwa sababu mbili. Kwanza, kodi ndogo ni sharti la mwenye kutoa mwenyewe, si huruma ya wasimamizi. Pili, nyumba hazikuachwa zijilishe kwa kodi hiyo: nyuma yake iko mali nyingine, na sehemu kubwa ni misitu, ambayo mapato yake hutengeneza mapaa. Aliwashurutisha pia wawe Wakatoliki na wamwombee kila siku. Sisi hatuoni kuwa hilo latupasa kuliiga. Umar alipoiwakifu ardhi yake ya Khaibar alimtaja mpita njia na mgeni, wala hakusema wapimwe kwa sala zao. Sharti na liwe shida na ujirani mwema.

Basi tulirudi kwa kamati, tukajibu hivi. Kodi ipandishwe hadi ujira wa mfano. Lakini ujira wa mfano wa chumba kinachovuja, kama kilivyo, si wa jumba la watalii ambalo halijawa. Tofauti baina ya kodi hiyo na uwezo wa mjane tuitoe sisi, wanane wa kamati na sisi wa darsa, kila mwezi, kutoka mifukoni mwetu, na iingie katika sanduku la msikiti kwa hesabu. Hapo itakuwa sadaka kweli. Mtu yule akodishwe orofa ya juu peke yake, kwa miaka mitatu na kwa hati, ulevi usiingie humo, na fedha yake ya mwanzo inunue boriti.

Wawili walikataa kutoa. Mmoja wao ni yule aliyepaza sauti kuliko wote juu ya huruma, alisema atafikiri. Mjane naye alikataa kulipiwa yote, akasema aongezewe kidogo, kwani ana cherehani. Mawe yametoka Maweni, Manda. Boriti zilikuwa taabu, kwani tangu marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018, ingawa ililegezwa baadaye, bei haikurudi ilikokuwa. Mwezi uliopita punda walizipandisha kutoka pwani, na dari sasa lafunguliwa upande mmoja baada ya mwingine ili watoto wasilale nje.

Na mzee mmoja wa Langoni, aliyesikia habari hizi, ametujia na kiwanja chake. Ataka kiwe vyumba vya kukaa, kwanza kwa binti zake wakiachwa, kisha kwa yeyote wa mtaa asiye na pa kulala, na ameongeza minazi yake michache kwa ajili ya matengenezo. Hati twaiandika. Amekataa kuuandika msikiti wetu kuwa msimamizi mpaka aione daftari ya kodi, nasi tumeahidi kumpelekea baada ya Ijumaa.