Deni la Akeri

Chini ya Mlima Meru, mashariki ya mji wa Arusha, kipo kijiji cha Akeri. Hapo, usiku mmoja wa Oktoba 1896, wapiganaji wa Meru na Arusha waliwaua wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Makaburi ya wamisionari hao yangalipo. Mwaka 1902 Misheni ilirudi Meru ikaanza kazi Nkoaranga, na leo Walutheri ni wengi mlimani.

Habari hii husimuliwa kuwa ni mfano wa msamaha: waliodhulumiwa walirudi na Injili, si na bunduki. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Kati ya kuuawa na kurudi, Kapteni Johannes wa boma la Moshi aliongoza majeshi ya kulipiza kisasi. Migomba iliteketezwa, ng'ombe wakatekwa. Wamisionari wana majina juu ya makaburi yao. Mama aliyerudi akakuta majivu penye mgomba wake hana jiwe. Je, yeye ni msamehewa tu? Hakuna anayewiwa naye?

Mimi ni mfasiri, na neno hunizuia njiani. Katika sala ya Bwana, Biblia yetu ya 1952, kwa Mathayo, haitaji kosa, hutaja deni. Luka huanza na dhambi, lakini naye hurejea kwenye kuwiana. Kosa laweza kufutwa kwa machozi. Deni lina kiasi, lina mwenyewe, na wahenga wamekwisha kusema dawa yake ni kulipa.

Niruhusu, msomaji, nijitolee ushahidi. Sikufika sekondari, Kiswahili cha kalamu nilikiokota katika kamusi. Nilipokuwa na miaka ishirini, marehemu baba alinikabidhi fedha za kahawa, ada ya mdogo wangu, nizipeleke shuleni. Nyingine nilinunulia kamusi, nyingine zikawa nauli ya Dar es Salaam, ambako nilidhani ndiko washairi huzaliwa. Mdogo wangu alirudishwa nyumbani, asisome tena. Miaka mingi baadaye, katika matanga ya baba, alinitukana mbele ya watu. Jumapili iliyofuata nilipiga magoti kanisani, nikamsamehe, nikatoka nikijiona mwema.

Nilikuwa nimesamehe senti, ilhali nadaiwa mfuko mzima.

Kilichonizindua ni sura ya tano ya Mathayo. Yesu anamsimamisha mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka mkononi. Hamwulizi kama ana kinyongo na nduguye. Amwuliza kama nduguye ana neno juu yake. Na ikiwa liko, sadaka ingoje. Nilikuwa nimeisoma miaka yote kana kwamba imeandikwa kinyume.

Nilimkuta soko la Tengeru, siku ya Jumamosi, akipanga mikungu ya ndizi. Nikataja kosa langu kwa jina lake, nikamtolea bahasha. Aliitazama kwa muda.

"Kaka," akasema, "fedha nitapokea, maana mtoto anasoma. Ile miaka utanilipa kwa nini?"

Sikuwa na jibu, na hakusema amenisamehe. Nimejifunza kwamba msamaha ni mali ya anayedai. Mdaiwa hana haki ya kujikatia. Migomba ya Akeri imeota tena, lakini kuota kwake si risiti.

Zamani nilimwomba Mungu anionyeshe kusudi la maisha yangu, nikitazamia jambo kubwa, diwani pengine. Sasa kila Jumamosi jioni napanda kwa mdogo wangu kumsomesha mwanawe. Kamusi tunayotumia ni ile ile, jalada limekwisha kung'oka. Baba yake hukaa mlangoni akimenya ndizi, hasemi neno, ila kiti changu hukikuta kimekwisha kuwekwa.