Uhuru wa Mtazamaji

Uhuru ni neno zuri, na kwa uzuri wake huazimwa na kila mwenye bidhaa ya kuuza. Siku hizi limeingia hata katika habari za televisheni. Mkazi wa Mwanza aliyechoka kulipia kebo kila mwezi, akaikata, akafunga intaneti ya nyumbani na kutazama akitakacho kwa saa aitakayo, husemwa kuwa amejikomboa. Jirani yake aliyenunua antena na king'amuzi, akaachana na malipo ya mwezi, husemwa vivyo hivyo. Wote wawili wametoka mahali pamoja, lakini hawakuhamia mahali pamoja. Yafaa kuuliza ni uhuru wa namna gani kila mmoja wao ameupata, nani aliyelipa bei yake, na kama mtu aweza kuwa huru peke yake katika jambo ambalo tangu asili lilikuwa la watu wengi.

Televisheni haikuingia katika nchi hii kwa haraka. Zanzibar iliipata mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi. Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994, stesheni za watu binafsi zilipoanza kurusha matangazo. Katika miaka ile ya kungoja, chombo hiki kilihesabiwa kuwa anasa ya wachache wa mjini, na redio ilionekana kutosha kuwa sikio la taifa. Hoja ile yaweza kukubaliwa au kukataliwa, lakini swali lililokuwa ndani yake halijazeeka: chombo kinapoingia, nani atakaa mbele yake na nani atabaki nje ya mlango? Baadaye majibu yalibadilika mara nyingi. Katika miji ya bara, Mwanza ikiwemo, wenye kebo walifunga madishi makubwa mahali pamoja, wakapitisha waya juu ya nguzo na mapaa hadi nyumba za wateja. Mwishoni mwa Februari 2013 mitambo ya analojia ilizimwa Mwanza, miezi miwili baada ya kuzimwa Dar es Salaam, na kila nyumba isiyo na waya ikahitaji king'amuzi. Madishi madogo yakaenea mapaani. Sasa intaneti imekuja kudai nafasi ya vyote vilivyotangulia.

Malalamiko dhidi ya kebo si ya uvivu wala ubahili. Mwenye kebo huuza kwa fungu. Mtu apendaye stesheni nne hulazimika kununua nyingine nyingi asizozifungua mwaka mzima, kama mnunuzi wa samaki anayeambiwa kwamba hawezi kupata sato mmoja mpaka achukue na tenga zima la dagaa. Saa si yake, mpangilio si wake, na waya ukikatika hana pengine pa kwenda. Biashara ya namna hii huishi kwa kuwa mteja hana njia ya pili. Njia ya pili inapopatikana, kuiacha ya kwanza ni haki ya mtu, na hapana wa kumlaumu.

Lakini njia zenyewe hazifanani, na tofauti zao zimo katika maumbile ya kazi yake. Mnara wa matangazo hufanya kazi kama mvua. Mawimbi yakisharushwa, humfikia kila mwenye antena aliye mahali yanapofika. Wakitazama watu kumi au watu laki moja, mnara haufanyi kazi zaidi. Mkoa wa Mwanza ulihesabiwa kuwa na watu 3,699,872 katika sensa ya mwaka 2022. Lau wote wangekaa chini ya mawimbi yale na kuwasha kwa dakika moja, hakuna ambaye angempunguzia mwenziwe hata tone. Kebo ni kisima chenye mlinzi: maji yamekusanywa mahali pamoja, na anayeteka hulipa langoni. Intaneti ni ndoo. Kila mtazamaji huletewa nakala yake mwenyewe mpaka mlangoni. Nyumba mbili zilizo pua na mdomo zikitazama kipindi kimoja kwa dakika ileile, kila moja huletewa ndoo yake, na ndoo ina hesabu. Saa moja ya picha za kawaida hula yapata gigabaiti 1, na picha zilizo safi zaidi huweza kufikia gigabaiti 3. Kwa mwenye kifurushi kidogo cha simu, filamu moja ya jioni ni matumizi ya wiki.

Kila njia ina udhaifu wake. Mwanza ni mji wa miamba na vilima; aliye nyuma ya kilima hupata mawimbi ya mnara kwa shida, na aliye kisiwani mbali hupata kidogo au hapati. Mvua kubwa za ziwani hufifisha mawimbi ya dishi. Tena mvua hainyeshi kila kitu ambacho watu wana kiu nacho. Mwezi Mei 2021 haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara ziliuzwa kwa Azam Media kwa miaka 10, kwa shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zilizifaa klabu, na mpira ukahesabiwa kuwa mali, lakini zimeonyesha pia kwamba antena haimpi mtu yote ayatakayo. Ndiyo maana vibanda umiza havijafa. Kijana asiyeweza kulipia king'amuzi hutoa sarafu chache, hukaa kwenye benchi, na hushangilia bega kwa bega na watu asiowajua.

Ndoo nayo ina fadhila ambazo mvua haikuwahi kuwa nazo. Mwalimu wa Ukerewe aweza kumtafutia mwanafunzi somo la hisabati na kulirudia mara tatu mpaka lieleweke. Fundi aweza kuona namna ya kutengeneza injini ya mtumbwi. Msichana aweza kusikiliza lugha ya mbali bila kumwomba mtu ruhusa. Anayeisema intaneti kuwa ni upotevu wa wakati tu hajui alisemalo, au amesahau kwamba hata mnara ulirusha upuuzi wake. Swali basi haliko kati ya chombo chema na chombo kiovu. Liko katika hesabu ambayo mtu huifanya anapohama: anahesabu nini, na anasahau nini.

Jambo la kwanza lisahauliwalo ni wale wakaao naye. Mwenye kulipa huamua, naye huamua kwa macho yake. Yeye anajua kutafuta kipindi katika simu. Mama yake mzee anajua kubonyeza namba ya stesheni na kungoja taarifa ya habari. Siku kebo ilipokatwa, mwana alipata filamu elfu na mama alipoteza moja aliyoijua. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi, lakini dhuluma nyingi za nyumbani hazina makusudi. Uhuru wa mmoja umekuwa kifungo cha mwingine ndani ya chumba kimoja, na kwa kuwa aliyefungwa halipi, sauti yake haikuingia katika hesabu.

Jambo la pili ni saa ya pamoja. Zamani nyumba ilikusanyika kwa sababu televisheni ilikuwa moja na saa ya habari ilikuwa moja. Leo kila mmoja aweza kuwa na kioo chake na saa yake. Wapo wanaolia kwa ajili ya mkusanyiko ule, na kilio chao chahitaji kupimwa kwa uangalifu. Mfano wa karibu uko katika barabara itokayo Usagara kwenda Sengerema na Geita. Kwa miaka mingi watu wa Kigongo na Busisi walivuka kwa kivuko. Tajiri na maskini walingoja pamoja, wakanunua karanga pamoja, wakajuana. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la kilomita 3 lilifunguliwa, na sasa kila mtu hupita kwa saa yake bila kumngoja mwenzake. Nani mwenye akili atakayetamani kivuko kirudi ili watu wazungumze? Mgonjwa aliyechelewa kufika Bugando hakufarijiwa na mazungumzo ya gatini. Kukusanywa na ukosefu si udugu. Watu waliokaa pamoja kwa sababu hawakuwa na pa kwenda hawakuwa bado wamechagua kukaa pamoja.

Walakini daraja limefundisha jambo jingine. Kivuko kilipoondoka, mkutano uliotokea wenyewe hautokei tena wenyewe. Anayeutaka lazima auitishe. Hali ni hiyohiyo katika nyumba. Maadamu saa ya pamoja haitungwi tena na stesheni, yafaa itungwe na watu. Nyumba yenye intaneti iliyojiwekea saa moja ya kutazama habari pamoja, au mchezo mmoja wa Jumamosi, ina udugu bora kuliko ile ya zamani, kwa kuwa wake umechaguliwa. Nyumba isiyojiwekea chochote haikupata uhuru, imetawanyika tu.

Jambo la tatu ni utegemezi. Aliyekata waya hudhani amekuwa bila bwana, kumbe amebadili bwana tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, za EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikabaki imezimwa kwa siku kadhaa. Katika siku hizo, nyumba iliyotegemea ndoo pekee ilibaki kavu, na yenye antena iliendelea kupata matangazo ya hewani. Hapana maana kwamba mawimbi ya hewani husema kweli daima au husema yote. Mwenye mnara ana mipaka yake na mabwana wake. Maana ni kwamba mtu mwenye mlango mmoja wa habari yuko katika rehema ya anayeshika ufunguo, na mwenye milango miwili aweza angalau kulinganisha. Tena mvua haimjui mtu jina, lakini ndoo lazima ijue mlango inakopelekwa. Mchukuzi huandika ulichokunywa jana, na kesho hukuletea kinachofanana nacho. Mtu husema, "Ninachagua mwenyewe," na huku orodha anayochagulia imepangwa na mashine isiyomjua ila kwa tamaa zake za jana.

Jambo la nne ndilo zito zaidi, nalo lahusu wale wasiohama. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizitaka baadhi ya kampuni za televisheni za kulipia ziondoe stesheni za bure katika ving'amuzi vyao, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuruhusu. Mtu aliyelipia dishi akajikuta anaona filamu za ng'ambo bila kuona taarifa ya habari ya nchi yake, na ilimbidi atafute antena aliyoitupa zamani. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema. Wenye nguvu walilalamika kwa sauti kwa kuwa shida iliwafika wao. Lakini siku watakapokuwa wote katika intaneti, mnara ukidhoofika nani atalalamika? Kisima cha kijiji husafishwa maadamu mwenye ng'ombe wengi naye hukinywesha. Akichimba chake uani, matope hubaki kwa wajane. Stesheni ya bure huishi kwa matangazo ya biashara, na matangazo hufuata wenye fedha. Stesheni kama Star TV, iliyozaliwa Mwanza na kulitazama taifa kutoka kando ya ziwa, ikipoteza watazamaji wenye uwezo, itakuwa na fedha kidogo za kumtuma mwandishi Ukara au Sengerema. Hapo mvuvi mwenye antena atapata picha nzuri ya habari zisizomhusu.

Kwa hiyo uhuru wa mtazamaji haupimwi kwa wingi wa vipindi. Asiyelazimishwa kununua asichotaka ameanza kuwa huru, na katika hilo wakata kebo wana haki yao. Lakini hajakamilika mpaka aweze kupata habari pale mlango mmoja unapofungwa, mpaka ajue anachagua yeye au anachaguliwa, na mpaka wale wasiolipa katika nyumba yake wawe na sauti katika alichokiamua. Akiikata kebo na kuiacha antena ilipo, gharama haizidi sana. Kifaa hununuliwa mara moja na stesheni za bure hazidai malipo ya mwezi. Kwa gharama hiyo ndogo mzee wa nyumba hubaki na namba yake aijuayo, nyumba hubaki na mlango wa pili, na mnara wa wote hubaki na mtazamaji mmoja zaidi mwenye sauti ya kuudai utengenezwe.

Anayeletewa ndoo nyumbani ana haki ya kuifurahia. Lakini huyo naye anaishi chini ya wingu moja na jirani yake, na mvua ikikoma kunyesha, kiu ya jirani haitakaa mbali na mlango wake.