Kumtaja Ndugu kwa Mteja



Je, Muislamu anaweza kujiunga na kikundi kwa sababu anatafuta kazi, na bado akawa ndugu wa kweli wa wale aliowakuta humo? Swali hili limenikalia kichwani tangu likizo, nilipokuwa nyumbani Bugendana, mkoani Gitega. Kaka mmoja niliyesoma naye madrasa alinialika katika kikundi chao cha waandishi wa kujitegemea. Ni watu wachache. Wanatafsiri Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, wanaandika ripoti za mashirika na matangazo ya redio. Hakuna mwenye mwajiri wa kudumu. Kila mwezi wanakutana, wanaambiana kazi iko wapi na ukurasa unalipwa kiasi gani, ili mteja asiwachezee mmoja mmoja.

Wapo watakaosema urafiki wa namna hii si kwa ajili ya Allah (s.w.t.). Mimi sioni ubaya. Imam Ghazali katika Ihya aliyagawa mapenzi ya watu kwa mafungu, na kumpenda mtu kwa manufaa ya halali hakukuhesabu kuwa dhambi, ingawa hakukupandisha daraja ya mapenzi ya Allah. Kwetu Burundi tuna ikibiri: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Sijasikia mtu akiulizwa kama jembe lake lina ikhlasi.

Waandishi wa zamani nao walihitaji watu. Abu Hayyan al-Tawhidi, katika karne ya 4 Hijria, aliishi kwa kunakili vitabu vya wengine kwa ujira, kazi aliyoilalamikia sana. Aliyemfikisha kwa waziri Ibn Sa'dan kule Baghdad ni rafiki yake Abu al-Wafa, yule mwanahisabati. Malipo aliyodai rafiki huyo ni kuandikiwa yote yaliyozungumzwa usiku kwa waziri, na hapo kikapatikana kitabu kinachosomwa mpaka leo. Neno la mtu mmoja lilifanya kazi hiyo.

Kwa hiyo kutajana ni jambo jema. Lakini Suratun-Nisaa, aya ya 85, inatufundisha kwamba anayeombea jema ana fungu lake, na anayeombea baya naye ana fungu lake. Hapo ndipo kanuni moja ya kikundi iliponikwama. Inasema mteja akiuliza, mwanachama amtaje mwanachama mwenzake, na asiutaje udhaifu wake kamwe. Nusu ya kwanza naikubali. Ya pili siiwezi.

Fatima bint Qays (r.a.), eda yake ilipokwisha, aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaenda kumshauri Mtume (s.a.w.). Mtume hakumficha: mmoja ni fukara, mwingine fimbo haimtoki begani. Akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Wote hao ni Masahaba, na hakuna aliyesema wamesengenywa. Imam Nawawi ameiweka hadithi hii miongoni mwa dalili zake anapoeleza mahali ambapo kutaja aibu ya mtu kunaruhusiwa, kwa sababu mwenye kuomba ushauri amekuamini.

Mteja naye anaomba ushauri. Tuseme anataka maelezo ya dawa yatafsiriwe kwa Kirundi, na ninajua Kifaransa cha ndugu yangu kinachechemea. Nikinyamaza, atakayeumia si mimi wala yeye. Ni mtoto wa mlimani ambaye mama yake atasoma kipimo kisicho chake.

Mushingantahe huketi kuamua baina ya majirani anaokula nao kila siku. Lau neno lake lingeelemea rafiki zake kila mara, nani angempelekea shauri? Kikundi nacho hakina mtaji mwingine ila kuaminiwa. Tukimsifu kila mtu, sifa yetu haitamsaidia hata aliye hodari.

Kaka yangu alinijibu kwa swali zuri: basi anayeanza atapata kazi wapi? Kweli, hakuna aliyezaliwa mfasiri. Nilimwambia tumtaje kwa kadiri yake. Tuseme, huyu bado anajifunza, mpe kurasa mbili za tangazo, na mimi nitazipitia kabla hazijakufikia. Nadhani undugu uko hapo zaidi kuliko katika sifa, kwa kuwa kusifu hakunigharimu kitu, na kupitia kazi ya mtu usiku bila malipo kunagharimu.

Akacheka. "Sheikh, utapitia za watu wangapi?"

Sikuwa na idadi. Nilimwambia nitaanza na mmoja, na kwamba nitajiunga kanuni ile ikirekebishwa. Ameahidi kulifikisha kikaoni. Mpaka naandika haya sijapata jibu, na ada ya kujiunga bado iko mfukoni mwangu.