*TAFAKURI YA SIKU YA 9: NANI HAYUPO KWENYE SAFU?*

Bismillahir Rahmanir Rahim.

  

Leo nina deni la kulisema. Ramadhani iliyopita palikuwa na mzee wetu mmoja, muuza kahawa. Safu ya kwanza, karibu na nguzo, ndiyo mahali pake. Siku ya tano ya mfungo nikageuka kunyoosha safu, pale pake pana mtu mwingine. Nikasema moyoni, labda kaenda shamba. Nikapiga takbira. Kesho yake vile vile.

Baada ya siku kumi ndipo nikasikia: mzee kakatwa mguu, chini ya goti. Ana kisukari. Alipata kidonda kidogo kidoleni akakidharau. Dawa alikuwa anameza siku moja, anaacha siku mbili, kwa sababu hela ya dawa na hela ya futari ilikuwa ni ile ile moja.

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika safu ile ile, watu watatu kutoka kwake, anaswali ndugu mwingine. Umri wao unakaribiana na wote wana kisukari. Yeye ana bima ya kazini, ana kipimo cha sukari nyumbani, ana friji ya kuwekea insulini, kila mwezi yuko kliniki. Leo anatembea kwa miguu yake miwili, alhamdulillah.

Imamu wao mmoja, kibla chao kimoja, maradhi yao mamoja. Kilichowatenganisha ni nini? Tusikimbilie kusema ni kadari tukaishia hapo. Kilichowatenganisha ni pesa, umbali wa hospitali, na kukosa mtu wa kumwambia mzee kwamba kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari si cha kusubiri.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Msikitini kwetu yupo muuguzi. Wapo vijana wa bodaboda. Yupo mwenye duka lenye friji. Ipo kamati ya zaka. Kila mmoja alikuwa ameshika kipande chake cha msaada, hakuna aliyeviunganisha. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na mimi imamu wenu, niliyeiona ile nafasi siku ya kwanza, sikuuliza.

*Mtume (s.a.w.) aliuliza.* Mnaijua hadithi ya Abu Hurayra, wameipokea Bukhari na Muslim, ya yule aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Mtume akamkosa, akamuulizia. Wakasema amekufa. Walikuwa wamemzika bila kumjulisha, kana kwamba ni jambo dogo. Mtume hakuridhika. Akawauliza kwa nini hawakumwarifu, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia. Mtu ambaye wengine walimwona mdogo, kwa Mtume nafasi yake ilikuwa ikionekana.

*Na Uthman bin Affan (r.a.) alitenda.* Wahajiri walipofika Madina maji matamu yalikuwa tabu. Kisima cha Ruma kilikuwa na mwenyewe, na maji yake yakiuzwa. Mwenye pesa anakunywa, asiye nazo anahangaika. Uthman akakinunua, akakifanya wakfu, tajiri na maskini wakateka sawa. Angeweza kumnunulia maskini mmoja ndoo moja kila siku, naye angepata thawabu. Lakini yeye aliondoa kile kilichokuwa kinawazuia wote. Sadaka ya namna hii ndiyo tunayoihitaji kwenye afya.

Allah katika Suratul Maidah, aya ya 2, ametuamrisha tusaidiane katika wema na ucha Mungu. Kusaidiana maana yake hakuna anayefanya peke yake.

Baada ya Idi tulikaa: kamati, mama zetu wa upande wa wanawake, mwenyekiti wa mtaa na watu wa zahanati. Sasa kila Jumamosi baada ya Alasiri tunapima presha na sukari pale uani. Jirani zetu wa kanisani wakauliza kama nao wanaruhusiwa. Tukawaambia karibuni, sukari haiulizi dini. Mwenye duka katoa nafasi kwenye friji yake kwa insulini za wasio na umeme. Vijana wa bodaboda wamepanga zamu. Bado vibanzi vya kupimia vinaisha kabla foleni haijaisha, na hapo ndipo mfuko wako unapohitajika.

*Kwa wenye kisukari mnaofunga, tafadhali:*

1. Usibadilishe wala kuacha dawa kwa kukisia. Ongea na daktari au muuguzi.

2. Kupima sukari kwa tone la damu hakufunguzi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jiddah mwaka 1997 lilitaja kutoa damu ya kupima, na sindano zisizo za lishe, kuwa hazibatilishi swaumu.

3. Sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda kupita 16.6, fungua. Usisubiri adhana. Ukitetemeka, ukatoka jasho jingi, ukachanganyikiwa, fungua hata kama huna kipimo.

4. Allah amempa mgonjwa ruhusa (Al-Baqara 184 na 185). Atalipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona atalisha maskini. Ruhusa ya Mola wako usiionee haya.

5. Angalia nyayo zako kila usiku. Ukiona kidonda, asubuhi uko zahanati.

*Kazi ya leo kwa kila mmoja wetu:* usiku huu kwenye tarawehe, kabla ya takbira, angalia kulia na kushoto. Nani hayupo? Ukitoka, piga simu au pita mlangoni kwake. Usitume ujumbe tu ukaona umemaliza. Mama zangu, nanyi huko kwenu vivyo hivyo. Ukikuta shida imekuzidi, ilete kwa kamati usiku huo huo.

Mzee wetu karudi. Anaswali kwenye kiti, pale pale karibu na nguzo, na kahawa anauza. Nilimwomba radhi, akanisamehe. Mguu haurudi.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, tufumbue macho tuonane, na usitufanye tuswali bega kwa bega huku hatujuani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kesho baada ya Alfajiri, inshaallah. Mfikishie na mwenzio.