Hofu ya Babu na Haki ya Mjukuu

Mzee wa Pemba apandapo mche wa mkarafuu, aghalabu hujua kwamba chuma zake nyingi zitakuwa za wengine. Mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa, kisha huweza kuishi kuliko aliyeupanda. Lakini mzee huyo huyo, akaapo barazani jioni, huwapa wajukuu kitu kingine pia, nacho ni hofu: nchi itaendeshwaje, na watoto hawa watakula nini? Suali linalotukabili ni hili: je, ni haki mzee kumrithisha mjukuu hofu yake kama amrithishavyo shamba lake?

Hofu hiyo haikuzuka bure. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika kwa kiasi kikubwa, ikawa ndiyo mbebaji wa zao hilo. Riziki ya kisiwa ikategemea bei ipangwayo mbali. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake, ilipopanda mikarafuu yake kwa wingi, bei iliporomoka katika miaka ya 1980, hali majamvi yalikuwa yale yale na jasho la wachumaji ni lile lile.

Na katika siasa, baada ya uchaguzi wa mwaka 1995, kulikuwa na vijiji ambamo watu walisusiana maduka, arusi na hata mazishi kwa sababu ya vyama. Januari 2001 damu ilimwagika. Maridhiano ya mwaka 2009, yaliyofuatiwa na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, yalirejesha salamu. Kufutwa kwa uchaguzi wa mwaka 2015 kukarejesha wasiwasi.

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mzee aliyeumwa hana lawama akishtuka. Lakini mjukuu ambaye hakuumwa, akifundishwa kushtuka tu, atautupa ung'ongo wenyewe, akose cha kushonea jamvi. Kwa upande wa pili, mzee akinyamaza kabisa, mtoto ataingia majanini asijue kwamba nyoka yumo. Kwa hivyo kinachostahili kurithishwa ni ujuzi wa kupambanua nyoka na ung'ongo, wala si mshtuko.

Huenda mtu akasema kwamba jambo hilo haliwezekani, kwani asimuliaye maumivu yake hupanda chuki hata asipokusudia. Hoja hii ina uzito. Lakini chuki humea zaidi pale msimulizi anapokuwa amedhulumiwa daima na hajakosa kamwe. Babu na asimulie aliyotendewa. Kisha asimulie pia jeneza la jirani ambalo yeye mwenyewe hakulibeba. Akieleza kuanguka kwa bei ya karafuu, aeleze pia kwa nini wengi wetu hatukujiwekea zao la pili, ingawa tulijua kwamba akiba haiozi.

Kusema hivyo ni kuzito kuliko kulalamika, kwa sababu mzee hujivua heshima kidogo mbele ya watoto. Lakini mjukuu aliyesikia kosa la babu yake hupata nafasi ya kutolirudia, na nafasi hiyo ndiyo haki yake. Naye kijana asingoje kuitwa. Na aende barazani, akae chini, aulize.